Kitenzi Chenye Mkia

Habari kwamba mpaka ungefunguliwa kesho yake ilimkuta Apolot ameinua mchi juu ya kinu, na mchi ukabaki huko huko hewani.

"Mbona umeganda kama mtu amekanyaga nyoka?" aliuliza Mama Eucabeth. Alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni pa ua, mahali pake pa siku zote, akimenya njugu. "Twanga! Mpaka kufunguka ni maneno ya madereva. Wewe harusi yako ni Jumamosi, na hiyo Jumamosi hakuna mtu anaweza kuifunga."

Apolot aliushusha mchi. Ulipogonga kinu, alihisi umegonga kifuani mwake.

Ua ule ulikuwa nyuma ya lojingi, nyumba ya wageni ya Mama Eucabeth, hapo Malaba mpakani, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe husalimiana kabatini. Ulizungushiwa mabati marefu kuliko mwanaume yeyote. Mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo wake ulifungwa kwenye pindo la leso aliyojifunga Mama Eucabeth. Mama huyo alikuwa dada mkubwa wa Methuselah Wabwire, na Methuselah ndiye aliyekuwa amuoe Apolot Jumamosi. Tangu msichana aletwe kutoka kwao Adungosi, hakuwa ametoka nje ya mabati yale ila kwenda kanisani, tena Mama Eucabeth akiwa ubavuni kama askari wa benki.

Hakuletwa kupumzika. Aliletwa ajifunze Kifaransa.

Msicheke. Methuselah alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani, na mizigo ya Kigali na Bujumbura huja na makaratasi ya Kifaransa, ambayo yeye aliyashika juu chini, chini juu, na kuyaona sawa tu. Alipomwona Apolot, msichana mwenye cheti cha sekondari, kichwa chepesi na macho ambayo yakikutazama unasahau ulichotumwa, akapiga mahesabu yake. "Mke anayejua Kifaransa ni kama lori lenye trela," aliwaambia wenzake. "Umeoa mmoja, kazi inabebwa ya wawili."

Mwalimu hakumtafuta mbali, maana mwaka ule walimu wa Kifaransa walikuwa wamelala barabarani. Mpaka ulikuwa umefungwa. Kwa nini, waulizwe waliokuwa na funguo. Malori yalipanga foleni kuanzia darajani. Kuna watu watakuambia foleni ile ilifika Bungoma. Hao ni waongo. Iliishia Amagoro tu. Lakini ilikuwa ndefu vya kutosha: habari ikitoka darajani ni kuku aliyegongwa, ikifika nyuma imeshakuwa ndovu, na pembe zake zimepata mnunuzi. Madereva walifua, walipika, wakapanda sukumawiki kando ya magurudumu, na wapo wanaoapa kwamba mmoja alivuna mahindi chini ya trela yake mwenyewe.

Katika foleni hiyo alikuwamo Bonaventure Ndikumana, dereva wa Bujumbura, ambaye Malaba ilimkata jina ikamwita Bona. Alikuwa na Benz la bluu lililojaa chumvi, shati jeupe ambalo halikupata kuonekana na doa, na kiti kitupu kando yake: tanboi, yaani utingo wake, alichoka kungoja, akarudi kwao Khunyangu kulima. Bona alisomeshwa na mapadri mpaka akakaribia kuwa padri yeye mwenyewe, kisha akaipenda injini. Methuselah alimpa kazi ya kufundisha, malipo yake chakula cha mchana. Mama Eucabeth akampa masharti.

"Semeni kwa sauti," alisema siku ya kwanza. "Kifaransa ya kunong'ona mimi sitaki. Halafu hiyo kitenzi umeandika hapo inasema nini?"

Bona alikuwa ameandika ubaoni. Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha sanduku la chai kilichopakwa masizi ya betri kuukuu, na chaki ilikuwa muhogo mkavu. "Ni *aimer*, mama. Kupenda. Vitabu vingi huanza na hicho."

"Futa."

"Mama?"

"Futa! Ndugu yangu hajaleta bibi yake hapa akuje kupendwa na vitabu. Wewe ni dereva. Fundisha yeye kitenzi ya kazi."

Basi Bona akafuta mapenzi kwa kiganja chake, na mahali pake akaandika *charger*, kupakia. Na hivyo ndivyo Apolot alivyojifunza Kifaransa chake chote: kwa kupakia. *Je charge*, napakia. *Tu charges*, unapakia. *J'ai chargé*, nimepakia. Wapita njia waliosikiliza nyuma ya mabati walidhani humo ndani kuna bohari.

Na maswali ya Apolot hayakuisha.

"Mwalimu, kwa nini meza ni mwanamke?"

"Iko na matiti?" Mama Eucabeth akadakia.

"Na nyinyi, mbona kiti ni ki na mti ni m?" Bona alijibu. "Nani alivigawia ngeli?"

"Na kwa nini mnaandika herufi mwishoni halafu hamzitamki?"

"Herufi za mwisho ni kama wazee wa upande wa bibi harusi, mademoiselle. Hawasemi neno, lakini wasipokuwepo kila mtu anajua."

"Haya. Kupakia kunatumia *avoir*. Mbona kuja, kwenda, kupanda na kushuka vinatumia *être*?"

"Hivyo ni vitenzi vya wasafiri. *Avoir* ni kuwa na kitu, *être* ni kuwa. Anayepakia ana mzigo. Anayeondoka hana kitu. Yeye mwenyewe ndiye safari. Na akiwa mwanamke, kitenzi chake huongezwa *e* mwishoni. Haisikiki, lakini imo."

"Lakini *rester*, kubaki, nacho umekiweka na wasafiri!" Apolot alisogea mbele kwenye kiti. "Anayebaki amesafiri kwenda wapi?"

Bona aliuweka muhogo chini. Akayatazama mabati kuanzia pembe hii hadi pembe ile, kisha akamtazama yeye, na safari hiyo hakuyaondoa macho upesi. "Hilo, mademoiselle," alisema, "najiuliza tangu lori langu lisimame hapa."

Siku hiyo Apolot alikula ugali bila kujua ameula na mboga gani.

Kisha ikaja siku Bona alipoteleza. Badala ya *vous*, wewe ya heshima, akamwambia *tu*, wewe ya watu wa ndani. Kwa Kiswahili zote mbili ni wewe, na Mama Eucabeth aliendelea kumenya njugu zake. Lakini Apolot aliisikia, na shingo yake ikashika moto kama mtu aliyepita karibu na tanuri. Bona naye aliisikia. Hakuirudisha.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, Apolot alimvuta kando baba yake, Mzee Emojong, aliyekuwa amekuja kutoka Adungosi kwa baiskeli.

"Baba, huyu Methuselah mimi simpendi."

Mzee Emojong alipangusa tandiko la baiskeli, ambalo halikuwa na vumbi. "Ng'ombe wake wameshaingia zizini," alisema. "Na yule mwekundu amezaa. Ndama anaweza kurudi tumboni?"

"Baba, nimesema simpendi."

"Nani amekuuliza juu ya kupenda? Mimi nimekuuliza juu ya ndama."

Akapanda baiskeli, akaenda zake. Na Mama Eucabeth akafika na kivuli chake.

Siku chache kabla ya habari ile ya mpaka, darasa lilikuwa limefika kwenye wakati ujao, na hapo ndipo palipozuka vurugu.

"*Chargerai*, nitapakia," Bona alieleza. "*Chargerais*, ningepakia. Masikioni ni kitu kimoja."

"Kimoja? Sasa mtu atajuaje kama anaahidiwa au anadanganywa?"

"Kwa *s* ya mwisho. Isiyo na *s* inaishia na rai: ni rai yangu, nimeitoa, nitaitimiza. Yenye *s* inaishia na rais, na hapo..."

Ungo wa njugu ulianguka chini kwa kishindo. "Hapana! Hapana kabisa!" Mama Eucabeth alikuwa amesimama. "Siasa hapa kwangu sitaki! Mnataka nifungiwe lojingi? Watu wanasikiliza kwa hiyo mabati!"

Kuanzia siku hiyo, kwa ajili ya amani, ile *s* waliiita mkia. Kitenzi chenye mkia ni cha nge: ningepakia, ungepakia. Kisicho na mkia ni cha ta: nitapakia, utapakia.

"Na cha nge hakitembei peke yake," Bona aliongeza akiwa bado anaokota njugu. "Ningepakia, kama... Kama nini? Lazima pawe na kama yake. Na kama, kwa Kifaransa, ni *si*."

"Si?" Mama Eucabeth alitulia kidogo. "Hiyo nimesikia. Kumbe hata hao watu wanakataa kama sisi. Si ni si."

Hakuna aliyemsahihisha. Angesahihishwa na nani?

"Sasa shika hili, mademoiselle, ndilo linalowashinda wengi," Bona alisema. "Ikiwa kama yako iko mbali, ungefanya, basi mimi ningefanya: mkia upo. Ukiisogeza karibu, ukifanya, basi mimi nitafanya: mkia umekatika. Mwenye kuukata ni yule anayesema *si*."

Apolot aliyaandika maneno hayo ubaoni kwa muhogo, na kuku akaja akayadonoa yote hadi ubao ukabaki mweusi.

Basi siku ile ya habari, siku ya mwisho, Bona alifika baada ya chakula kama kawaida. Shati lilikuwa jeupe, lakini alikuwa amekosea kifungo kimoja, upande mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine. Apolot alikiona kifungo kile. Mtu asiye na doa amekosea kifungo kwa sababu gani?

"Leo hakuna chaki," Mama Eucabeth alitangaza. "Kuku amemaliza muhogo. Someni na mdomo."

Kabla hawajaanza, mlango wa ua uligongwa. Akaingia Methuselah, amepaka nywele zake dawa nyeusi hadi kwenye paji la uso, mkononi mandazi yamefungwa kwa gazeti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtu mbaya unamkimbia ukimlaani. Methuselah alikuletea mandazi.

"Mwalimu, kesho unaondoka," alisema. "Nataka kujaribu kitu yangu kabla hujaenda. Sekretari wangu, niambie na Kifaransa: mzigo umefika."

Apolot alisimama. "*La charge est arrivée.*"

"Iko sawa?"

"Sawa kabisa, mzee," Bona alijibu akitazama chini. "Pamoja na *e* ya mwisho."

"*E* gani? Mimi sijasikia *e*."

"Haisikiki. Inawekwa kwa sababu mzigo, kwa Kifaransa, ni mwanamke."

Methuselah alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzigo ni mwanamke! Hao watu wana akili!" Akapangusa machozi, akamgeukia mchumba wake kwa upole. "Nimetia nondo mpya kwa dirisha la ofisi, na meza yako nimeweka hapo hapo. Utakuwa unaona malori yote yakipita. Hutachoka."

Akaacha mandazi, akaenda zake kwa furaha. Mama Eucabeth akafunga mlango, akafunga ufunguo penye pindo la leso, fundo juu ya fundo.

Apolot alikaa. Aliziona nondo zile kama zimeshasimama mbele ya uso wake, na malori yakipita nyuma yake, moja baada ya jingine, mpaka nywele zake nazo zihitaji dawa nyeusi.

"Turudie wakati ujao," Bona alisema. "*Je chargerai le sel.*"

"Utapakia chumvi."

"*Je chargerai le ciment.*"

"Utapakia saruji."

Bona aliutazama ubao mtupu kana kwamba kuna kitu kimeandikwa. Kisha akasema sentensi moja, nami naiandika kama sikio lilivyoisikia, maana mwisho wake haukuonekana: "*Je te sharjere.*"

*Te.* Wewe. Si chumvi, si saruji. Mfaransa mwenyewe angeshangaa kusikia mtu anapakiwa kama gunia, lakini hapakuwa na Mfaransa pale. Palikuwa na watu wawili walionyang'anywa kitenzi chao siku ya kwanza, wakawekeza kila kitu kwenye hiki kilichobaki.

"Hapo amesema nini?" Mama Eucabeth aliuliza. "Hiyo te ni nini?"

"Chai, mama," Apolot alisema, na kumbe ulimi ukitishwa una mbio. "Te ni chai. Anasema mambo ya kupakia chai."

"Mwambie ya Kericho ni nzuri."

"Nitamwambia." Apolot alishika kingo za kiti chake kwa mikono miwili. Nitakupakia, au ningekupakia? Maisha yake yote yalikuwa yamening'inia kwenye herufi moja isiyotamkwa. "Mwalimu, nina swali. Hiyo sentensi... ina mkia, au haina?"

Treni ilipiga honi mbali, upande wa daraja. Mama Eucabeth alimenya njugu. Bona alimtazama Apolot, akautazama ufunguo kwenye leso, kisha akamtazama tena.

"Ina mkia," alisema.

Apolot alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba nge sumu yake iko mkiani, lakini hakuwahi kuelewa hadi wakati huo. Ningekupakia. Nge hiyo ilimchoma chini ya titi, na sumu ikapanda hadi machoni.

"Mbona?" aliuliza, na hasira ikampa sauti. "Mwalimu mzima! Umefundisha siku zote hizi, na sentensi yako ya mwisho unaifunga mkia?"

"Mademoiselle..."

"Aliyekulazimisha kuutia ni nani?"

"Polepole," Mama Eucabeth alisema. "Ni chai tu."

Bona aliinama mbele, viwiko juu ya magoti. Aliongea kwa sauti kama alivyoagizwa, na polepole, kama mtu anayerudisha lori nyuma mahali pembamba. "Kitenzi chenye mkia ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili inaanza na *si*. Hiyo si yangu. Nikiisema mimi, nitakuwa nimemchukua mtu kama mzigo, na mtu si mzigo, hata kama kitabu kinasema ni mwanamke. Kuna sentensi nusu yake husemwa na mwingine."

"Na huyo mwingine asiposema?"

"Mkia unabaki. Na kitenzi kinaenda nao Bujumbura."

Kuku yule mlaji wa maneno alipita katikati yao, akitafuta kama limebaki neno.

Ndipo Apolot alipoelewa. Hakuwa amekataliwa. Alikuwa ameulizwa, na ameulizwa vizuri kuliko alivyoulizwa na mtu yeyote tangu azaliwe. Methuselah alipiga mahesabu. Baba aliuliza juu ya ndama. Huyu alikuwa ameacha nafasi tupu mbele ya kitenzi chake, kama kile kiti kando ya usukani, akangoja.

Aliwaza ndama. Kweli, ndama harudi tumboni. Lakini ng'ombe ana miguu, na ndama ana miguu. Nani alisema hawawezi kutembea barabarani, mama mbele mtoto nyuma, mpaka kwa mwenyewe? Methuselah angepata zaidi ya alichotoa. Aliwaza nondo. Aliwaza *rester*, kitenzi cha wasafiri wasiokwenda popote.

Angeweza kusema *si je montais*, kama ningepanda. Hiyo ndiyo ya adabu, ya mbali, ya kulia nayo uzeeni dirishani. Akaisogeza karibu.

"*Si*," alisema, kwa sauti kubwa ya kutosheleza masharti yote ya Mama Eucabeth. "*Si je monte.*"

Nikipanda.

"Rudia," Bona alisema.

"*Si je monte.*"

"Ngoja!" Mama Eucabeth aliweka ungo chini. Alimnyooshea Apolot kidole chenye vumbi la njugu. "Hapo nimesikia mimi mwenyewe. Umesema si?"

"Nimesema si, mama."

"Umeambia nani?"

"Yeye."

Uso wa Mama Eucabeth ukafunguka kama soko asubuhi. "Mungu asifiwe! Mnafikiri mimi ni kipofu? Kifaransa sijui, lakini macho najua. Hii kijana amekuwa akikutazama kama mtu ameona maji baada ya chumvi yake yote. Nilijua tu leo atakuomba kitu, chai chai, mimi mtoto? Na umemwambia si! Mara mbili!" Akamgeukia Bona, mikono kiunoni. "Umesikia, bwana? Si ni si. Hata huko Bujumbura."

"Nimesikia, mama," Bona alisema. Alikuwa amesimama. "Si ni si."

"Hakuna kinyongo?"

"Hakuna. Niruhusu nimalizie somo tu." Akamtazama Apolot. "*Alors, je te chargerai.* Mkia umekatika." Basi, nitakupakia.

"Chai tena!" Mama Eucabeth alicheka, akampigapiga bega, maana mwanaume aliyekataliwa huonewa huruma. "Pole, baba. Utapata mwingine huko kwenu."

Asubuhi yake Malaba iliamka kwa kelele. Injini zilizokuwa zimelala zikakohoa, zikatapika moshi, na kutoka darajani hadi Amagoro ukasikika mngurumo mmoja, kama ng'ombe wa nchi nzima wamefunguliwa zizini. Wachuuzi walikimbia kando ya foleni kuuza mayai ya mwisho. Sukumawiki zilikanyagwa na magurudumu yale yale yaliyokuwa yakizipa kivuli.

Mama Eucabeth alimwita Apolot mlangoni. Alikuwa amekaanga njugu, amezifunga kwenye lile gazeti la mandazi.

"Pelekea yule mtu. Kumkataa mtu na kumnyima njugu ya njia ni dhambi mbili." Akafungua fundo la leso, kisha fundo lililokuwa chini yake, akatia ufunguo kwenye kufuli. "Jana ningekufuata. Leo nimejua wewe ni mtoto wa watu. Enda, rudi haraka."

Apolot alisimama kizingitini. Hakuwa amebeba kitu ila gauni alilovaa, leso begani, na pasi ya kuvukia mpaka, ambayo kila Mteso wa Malaba mwenye jamaa ng'ambo ya mto alikuwa nayo. Ghafla akamkumbatia Mama Eucabeth, njugu zikiwa katikati yao, zina joto bado.

"Aka! Ni njugu tu."

"Mama, ukimwona baba yangu, mwambie ng'ombe wana miguu."

"Ng'ombe wana miguu? Hiyo ni Kifaransa?"

"Hapana, mama. Hiyo ni Kiteso."

Akatoka. Mabati yakabaki nyuma. Hakukimbia, kwa sababu anayekimbia huulizwa. Alipita malori ya chai, malori ya mafuta, madereva waliompigia mluzi na mmoja aliyemwambia, "Dada, hizo njugu ni zangu?" Alipofika penye Benz la bluu, lilikuwa limeshawashwa, linatetemeka mahali pake kama mtu anayezuia kilio, na nafasi mbele yake ilikuwa wazi. Malori ya nyuma yalikuwa yanapiga honi na kumtukana dereva kwa lugha zote za Afrika Mashariki, na dereva hajongei.

Bona alichungulia dirishani. Vifungo vya shati leo vilikuwa sawa.

"*Tu montes?*" aliuliza. Unapanda?

"Nani alikufundisha kuuliza mwanamke swali hali umekaa? Nifungulie mlango!"

Akafungua. Apolot akampa njugu kwanza, maana alitumwa. Kisha akashika chuma, akaweka mguu kwenye ngazi, akajivuta, na kile kiti kilichokuwa kitupu tangu tanboi akimbie kikalia mlio mdogo chini yake. Akavuta mlango, akaufunga yeye mwenyewe, kwa ndani.

Lori liliondoka. Mbele yao daraja, chini yake mto, ambao siku zote ulikuwa ukipita mpakani bila kuulizwa na mtu.

"Sasa kwa wakati uliopita, mademoiselle," Bona alisema, macho barabarani. "Kupanda. Nafsi ya kwanza."

"*Je suis montée*," Apolot alisema.

Ile *e* ya mwisho, ile ya kike, haikusikika, kama desturi yake. Lakini ilikuwamo ndani ya lori.